Pikipiki Tuliyoifukia Migombani

Mume wangu tulimzika Jumanne. Matanga yalipoanuliwa, ndugu zake walikaa uani kwetu, Kaisho, kugawana vitu vyake, na kitu cha kwanza kutajwa kilikuwa pikipiki.

Aliyeitaja ni shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyebishana na mtu, na nadhani ndiyo maana watu walimwogopa. Alisema kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba zake, kitabaki kwangu na kwa watoto, ng'ombe na ndama wake vilevile, baiskeli ataichukua mdogo wao wa mwisho. Pikipiki imekufa tangu vita. Mwanamke hapandi pikipiki, na hata angepanda, hii haiwaki. Kwa hiyo itapelekwa Nkwenda, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayefika siku za gulio, kila baada ya wiki mbili. Alilisema hilo kama anayesema kesho tutapalilia maharage.

Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, kichwa nimenyoa, miguu nimeinyoosha. Hakuna aliyetazamia niseme lolote. Nikasema pikipiki haiuzwi.

Shemeji aliniuliza kwa upole, kwa nini.

"Kwa sababu nitaipanda," nikasema.

Mwanamke aliyekaa kando yangu alinivuta kanga. Upande wa wanaume mmoja alicheka mpaka rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikammwagikia magotini. Shemeji hakucheka. Alisema, "Basi iwashe. Gulio la kesho kutwa lipite, tusubiri la baada ya hapo. Ikiwaka kabla ya hilo la pili, sitaitaja tena."

Alidhani ananisaidia kunyamaza bila aibu. Mimi nilimwomba arudie maneno hayo mbele ya wazee wawili waliokuwapo, akayarudia.

Lazima niseme kwa nini niliing'ang'ania. Nilikuwa mkunga katika zahanati ya kanisa. Wanawake wa vilima vya mbali waliponihitaji, mtu alitumwa alfajiri kwa miguu kuja kuniita, nami nikaenda kwa miguu, na mara nyingi nilifika jua likiwa utosini. Mwaka mmoja kabla mume wangu hajafa, nilifika kwenye nyumba moja ya vibarua wa kahawa waliotoka Burundi, nikakuta mama ameshafunikwa shuka na mtoto amelazwa kando yake, naye amefunikwa. Mume wa yule mama hakunilaumu. Alinipa maji ya kunawa miguu, maana ilikuwa imejaa tope hadi magotini. Maji yale sijayasahau. Na wakati nanawa, pikipiki ilikuwa imesimama kwetu ghalani, kuku wanalala juu ya kiti chake.

Ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, yenye silinda moja kubwa na tangi lenye mstari wa rangi ya dhahabu. Mmisionari mmoja mzee aliileta enzi za ukoloni, akaiendesha mpaka mgongo wake ukakataa, na alipoondoka akamwachia mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa mwinjilisti kijana mwenye makanisa madogo sita ya kuzungukia. Haikutegemea betri. Moto wake ulitoka kwenye magneto, chombo kizito cha ukubwa wa chungu kidogo, chenye sumaku ndani. Ukipiga kiki, magneto inazunguka na kuzalisha umeme. Umeme unapita kwenye waya mnene hadi kwenye plagi. Plagi inatoa cheche, petroli inawaka. Pasipo cheche, una chuma tu.

Vita vilipoanza, sisi wa Kaisho tulikuwa karibu na mpaka, na kila siku zilikuja habari za askari wanaochukua ng'ombe, mabati na chochote chenye magurudumu. Mume wangu alisema hawataipata. Tulichimba shimo migombani, la namna ile ya kuivishia ndizi za kutengenezea rubisi, ila refu zaidi. Hata hivyo pikipiki haikuenea, ikabidi afungue tangi na usukani. Tukaizungushia turubai, tukaifunika kwa majani makavu, tukatupia udongo juu. Askari hawakufika kwetu. Mvua ilifika. Tulipoifukua, miezi mingi baadaye, maji ya tope yalikuwa yameingia ndani ya turubai, na tangu siku hiyo pikipiki haikutoa cheche.

Mume wangu aliihangaikia kwa miaka miwili, kila alipopata nafasi. Kazi yangu ilikuwa kumpa spana na kumshikia vitu. Hakuna aliyenifundisha ufundi. Nilijifunza jina la kila kitu kwa sababu ilinibidi nijue cha kumpa akisema. Hata kuendesha nilijua, maana kabla ya vita alinizungusha kwenye uwanja wa mpira wa shule hadi nikaweza, huku nusu ya kijiji ikitazama. Halafu ini likaanza kumsumbua, akaacha kwenda ghalani, akaacha kwenda kanisani, akafa.

Baada ya kikao kile watoto niliwapeleka kwa dada yangu, kijiji cha Kiruruma. Siku ya gulio la kwanza nikatembea hadi Nkwenda kumwona fundi wa pikipiki. Nilimsalimu, nikamweleza. Aliniambia bila kuinua uso kwamba magneto ikishakunywa maji imekwisha, kama redio iliyotumbukia kisimani, na magneto mpya ya pikipiki ile haipatikani Tanzania nzima. Hiyo ilikuwa miaka ambayo hata sabuni tulipanga foleni, kwa hiyo nilimwamini kuhusu kutopatikana. Kisha akasema kama naona mzigo kuirudisha nyumbani, yeye yuko tayari kunipunguzia. Nilimkumbusha kwamba sikuja nayo. Nikarudi Kaisho na pakiti moja ya nyembe.

Nilianza na plagi, kama mume wangu alivyokuwa akianza. Niliifungua, nikaisugua kwa mswaki wa waya, nikaichomeka kwenye waya wake na kuilaza juu ya silinda ili chuma kiguse chuma. Nikafunga mlango wa ghala ili kuwe na giza, maana cheche ndogo haionekani juani. Nikapiga kiki. Hakuna kitu. Nikabadilisha plagi, nikaweka nyingine kuukuu iliyokuwa kwenye kopo la misumari. Hakuna. Waya mnene ulikuwa umepasuka ganda sehemu mbili. Nikapata kipande cha waya wa aina hiyo kwa dereva wa gari la misheni, nikabadilisha. Hakuna.

Nilifungua kifuniko cha magneto. Ndani mna platini, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana kila mzunguko, na vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Nilivisugua kwa msasa laini hadi vikang'aa. Nafasi kati yake vinapoachana ni lazima iwe ndogo mno, na mume wangu aliipima kwa nyembe tatu zilizoshikana. Nami nikaipima kwa nyembe tatu. Nikapiga kiki mpaka goti likaniuma. Hakuna.

Mama mkwe wangu aliishi nyumba ya pili ndani ya kibanja kilekile. Siku zote zile alinisikia nikipiga kiki ghalani na hakuja. Sikujua yuko upande gani. Shemeji yule alikuwa mwanawe wa kwanza, na aliyekufa alikuwa mwanawe pia. Siku ya nne alikuja, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Unatafuta nini humo?"

Nikamwambia natafuta moto. Aliingia, akafukuza kuku, akakaa juu ya gunia la maharage. Nikamweleza vile moto unavyotoka kwenye magneto hadi kwenye plagi. Alisikiliza hadi mwisho na kuuliza swali moja tu: nitajuaje kama shida ni kwenye chombo hicho au ni kwenye pikipiki, wakati vimefungwa pamoja?

Mume wangu hakuwahi kuing'oa magneto. Aliogopa kwamba hataweza kuirudisha na wakati wake, yaani cheche itoke pistoni inapofika juu, si kabla wala baada. Niliogopa pia. Lakini muda ulikuwa unaisha, na kuendelea kupiga kiki kulikuwa kunanimaliza goti bure. Nilichora mistari kwa msumari pale meno ya gia yanapokutana, kisha nikafungua boliti, nikaitoa.

Kwa pupa yangu, nilipovuta kishikio cha waya, kaboni ndogo iliyo ndani yake ilivunjika. Ni kijiti cheusi chenye unene wa njiti ya kiberiti kinachopokea umeme kutoka kwenye kile kinachozunguka. Nilikaa chini. Nakumbuka nilimtukana marehemu kwa sauti, mbele ya mama yake, kwa kutuachia mzigo huu. Mama mkwe aliniuliza kile kijiti ni cha nini, nikamwonyesha kipande. Alikigeuza mkononi, akasema kinafanana na kile watoto wanachoandikia ukutani, kinachotoka ndani ya betri za redio.

Ndicho hasa. Nilipasua betri iliyokwisha, nikatoa kijiti chake, nikakata kipande na kukisugua kwenye jiwe la kunolea, taratibu, mpaka kikaingia pale cha zamani kilipokaa. Vitatu vilivunjika. Cha nne kilikaa.

Magneto yenyewe ilikuwa bado na unyevu; ukiinusa ilitoa harufu ya shimo. Jirani alinishauri niitundike juu ya jiko, pale tunapokaushia nyama. Nikakataa, maana mume wangu alishaniambia nyaya za ndani zimeshikwa kwa gundi inayoyeyuka kwa moto. Tulikuwa kwenye msimu wa kahawa. Nilifungua vifuniko vyake, nikailaza juani kwenye mkeka, katikati ya kahawa, na kila nilipogeuza kahawa niliigeuza nayo. Siku tatu. Shemeji alipita siku ya pili, akaiona pale, akasimama, akaendelea na njia yake.

Siku ya tatu jioni, jua likiwa bado halijazama, tuliiingiza ndani, nikaifunga kwa kamba kwenye benchi. Mama mkwe alishika gia kwa mkono, mkono uliolima miaka hamsini, nami nikashika waya karibu na chuma. Nikamwambia azungushe kwa nguvu, ghafla. Alizungusha mara ya kwanza, sikuona kitu. Ya pili pia. Ya tatu nilikuwa nimeusogeza waya vibaya, na umeme ulinipiga kutoka kidoleni hadi kwenye kiwiko, nikaangusha waya na kukaa sakafuni.

Mama mkwe aliuliza kama nimeumia. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Nikamwomba azungushe tena, na safari hii tuliiona wote: cheche ya buluu, nyembamba, yenye mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti kikavu. Alizungusha mara nyingine kumi hivi, bila kuombwa.

Kesho yake nikairudisha kwenye pikipiki, mistari yangu ya msumari ikakutana, nikafunga kila kitu kilipokuwa. Nikalaza plagi juu ya silinda. Nikapiga kiki.

Hakuna.

Ilikuwa Alhamisi. Gulio la pili lilikuwa Jumamosi. Kusema kweli, saa ile ndiyo pekee nilipotaka kuiacha. Nilitoka nje, nikasimama migombani, nikafikiria jinsi yule mnunuzi wa vyuma atakavyoipakia garini vipande vipande. Ndipo hasira iliponirudia, na ile hasira ilinisaidia kuliko maombi, Mungu anisamehe. Kwa maana swali la mama mkwe lilikuwa limeshajibiwa na sikuwa nimesikia jibu. Juu ya benchi magneto inatoa moto. Kwenye pikipiki haitoi. Basi magneto ni nzima. Kuna kitu kwenye pikipiki kinachoiua.

Nikarudi ghalani, nikaanza kuhesabu vinavyoigusa. Gia inayoizungusha. Waya mnene wa plagi, ambao ni mpya. Na waya mmoja mwembamba, mweusi, niliokuwa nimeufunga tena kwa uangalifu kwa sababu niliukuta umefungwa. Niliufuata kwa kidole. Ulipanda chini ya tangi, ukaenda hadi kwenye usukani, kwenye kitufe kidogo cha kuzimia injini. Ukikibonyeza, umeme wa magneto unapelekwa kwenye bodi badala ya plagi, injini inazimika. Ndiyo kazi yake.

Nilifungua tangi, nikalinyanyua. Waya ule ulikuwa umebanwa kati ya tangi na chuma cha bodi, ganda limechubuka, shaba yake tupu imelala juu ya chuma. Tangu siku tuliyoifukua, tangu mume wangu aliporudisha tangi kwa haraka na furaha, pikipiki ilikuwa kama imebonyezwa kile kitufe bila kuachiwa. Miaka miwili alisafisha tope na unyevu, na sote tukaamini ni shimo lililoiua, kwa sababu ilikuwa hadithi nzuri, na kila aliyekuja kutusalimu aliipenda kuisikia. Hakuna aliyewahi kunyanyua tangi.

Nilichukua kisu cha kumenyea ndizi, nikaukata waya ule upande wa magneto. Nikapiga kiki moja. Cheche iliangaza ghala lote, au ndivyo nilivyoona.

Sikuiwasha siku hiyo. Mama mkwe alitaka niiwashe, nikamwambia hapana, aliyesema mbele ya watu ataona mbele ya watu.

Jumamosi asubuhi shemeji alikuja na wale wazee wawili, na nyuma yao vijana wa kuisukuma hadi Nkwenda. Yule dereva wa misheni alikuwa amenipa petroli ya chupa moja. Nilikuwa nimevaa suruali ya marehemu, na kitenge juu yake. Niliisukuma mwenyewe hadi uani. Hakuna aliyenisaidia na sikuomba. Kiki ya kwanza ilirudi kwa nguvu ikanipiga ugokoni, damu ikatoka. Vijana wakacheka. Kiki ya pili ikatoa moshi. Ya tatu ikawaka, na mlio wake niliokuwa nimeusahau, ule mzito wa silinda moja, ukaujaza uwanja wote hadi ng'ombe akakata kamba.

Shemeji alitimiza ahadi yake, lazima nimpe haki yake. Hakuitaja tena pikipiki. Alichofanya ni kusubiri injini izimwe, nami nikaizima kwa kuitia gia na kushika breki, maana waya wa kitufe nilishaukata, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba sasa liko la mwanamke kukaa mguu huku na mguu huku, na hilo si lake, ni la kanisa.

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini. "Mwanangu," alimwambia, "wewe ulizaliwa nikiwa nimetembea siku nzima kutafuta mkunga. Nenda nyumbani."

Akaenda. Lakini neno lilishafika kanisani, na baada ya wiki tatu niliitwa na wazee wa usharika. Nilikwenda kwa pikipiki, nikaiegesha mbele ya dirisha lao. Walikuwa watatu, watu wazuri, wawili kati yao watoto wao nimewapokea kwa mikono yangu. Walisema kwa heshima kwamba waumini wananung'unika, kwamba mjane wa mwinjilisti anatazamwa na wengi, kwamba labda ningemwazima kijana fulani aiendeshe, nami nikae nyuma kwa upande, kama inavyopendeza.

Niliwasikiliza wote watatu mpaka wakamaliza. Kisha nikawaambia kuhusu ile nyumba ya vibarua, na shuka, na maji ya kunawa miguu. Niliwaambia wanitajie mtu mwingine wa kwenda kwa wanawake wale, anayejua kupokea mtoto aliyetanguliza miguu, nami nitamkabidhi ufunguo, ingawa pikipiki ile haina ufunguo. Walitazamana. Mkubwa wao akasema tuombe. Tukaomba. Katika daftari la kikao, nilivyosikia baadaye, hawakuandika chochote.

Niliiendesha miaka minane. Wanawake wa vilimani walijua mlio wake na walikuwa wakisema uchungu unapungua wakiusikia, jambo ambalo si kweli, lakini sikuwakatalia. Wanaume kadhaa waliacha kunisalimu njiani. Niliwapita nikiwa nimenyoosha mgongo, tope likiruka lilikotaka. Yule fundi wa Nkwenda aliwahi kuniuliza ni nani aliyeitengeneza. Nikamwambia ni mimi na mama mkwe wangu. Alisubiri nicheke, ili ajue ni mzaha. Nilijaza petroli yangu nikaondoka.